Upande wa Buluu

Fundi Saa aliweza kusoma ubao wa herufi wa kliniki ya macho, kuanzia juu hadi mstari wa saba, bila kukosea hata herufi moja. Aliweza kuusoma akiwa bafuni. Aliweza kuusoma akiwa ameupa mgongo. Mara ya mwisho mkewe alipomkokota kwenda kupimwa, alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akasikiliza wagonjwa kumi na mmoja wakiusoma kwa sauti, na zamu yake ilipofika aliutiririsha wote. Muuguzi akamsifu, akamwandikia kwenye kadi kwamba macho hayana neno. Mkewe, aliyekuwa anamjua mwanamume huyo kwa miaka thelathini na mitano, hakusema kitu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Leo Jumamosi daktari bingwa wa macho alikuwa amerudi, maana huja mara moja kila baada ya miezi mitatu, hukaa siku moja tu, na saa kumi jioni gari humchukua. Safari hii kliniki ilikuwa imewaandikisha watu arobaini na wawili, kwa sababu iliahidiwa kamera ya kupiga picha ndani ya jicho. Kwa kamera hiyo daktari angewamaliza wote. Bila kamera angewaona kumi kwa kijitochi chake, na waliobaki wangeambiwa warudi msimu ujao na macho yao yaliyobaki.

Na kamera yenyewe ilikuwa kwenye meza ya Fundi Saa, tumbo wazi, haisemi kitu.

"Bado?" aliuliza.

"Bado, baba."

Aliyejibu ni binti yake wa pekee. Alizaliwa mdogo mno, baba yake akamwita Nukta, na jina likamganda hata baada ya kurefuka akampita baba mwenyewe kichwa kizima. Nukta alifanya kazi kwenye karakana ya vifaa vya hospitali upande wa pili wa mji, na kamera hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kuachiwa peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ameileta nyumbani kwa sababu nyumbani ni karibu na kliniki, mwendo wa robo saa kwa miguu. Tangu saa moja asubuhi alikuwa ameinamia kompyuta, nywele amezifunga kwa waya wa umeme, chai yake imeota ngozi.

Fundi Saa alivuta kiti chake. Hakuna kitu kilichompendeza duniani kama kumsikia mtoto huyu akieleza kazi. "Hebu nieleze tena. Nani hasikii nani?"

Nukta alisugua macho. "Humu ndani kuna kihisi. Ni kile kioo cheusi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Ndicho kinachopokea mwanga. Kina vijicho milioni tano."

"Milioni tano!" Mzee alitaka kusema kwamba yeye anavyo viwili tu na vinamshinda, akaumeza utani huo kabla haujatoka.

"Sasa kuna programu inayokiendesha, tunaiita kiendeshi. Kamera ikiwashwa, kiendeshi kinakwenda mlangoni kwa kihisi, kinapiga hodi. Kihisi kinatakiwa kuitikia na kutaja namba yake. Kikishataja, basi, wanaelewana, picha zinakuja. Leo napiga hodi tangu asubuhi. Kimya."

"Labda hakipo nyumbani."

"Baba!" Lakini alicheka kidogo. "Kipo. Tatizo ni mimi. Jana jioni nilibadilisha kiendeshi, nikaweka kipya, halafu umeme ukakatika kabla sijajaribu. Kile cha zamani kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa. Kwa hiyo kuna kitu nimekiharibu humu, na sikioni."

Akarudi kwenye kompyuta. Huenda kiendeshi kinapiga hodi mapema mno, alisema, kihisi hakijaamka. Akakipa subira ya sehemu tano za elfu moja ya sekunde. Kimya. Akakipa ishirini. Akakipa mia. Akashika kipimo cha umeme, akagusa hapa na pale kwa ncha zake mbili; umeme ulikuwepo. Fundi Saa alisikiliza vidole vyake vikidondoka kwenye vitufe, akastaajabu kwa dhati. Yeye miaka arobaini ameishi kwenye vitu vidogo, lakini skrubu hata iwe ndogo namna gani utaishika. Huyu alikuwa anatengeneza kitu kisichoshikika, anaikata sekunde moja vipande elfu na kuvigawa kama mtu anavyogawa mkate. Mungu wangu, alijiambia, hiki kiumbe kimetoka nyumbani kwangu.

Kisha akakumbuka jambo la jana mchana.

*

Watu wa kazi za mikono wana ugonjwa mmoja: kitu kikishafunguliwa, hawawezi kukipita bila kukigusa. Jana mchana Nukta alikuwa amekwenda karakana kufuata betri. Mama hakuwepo. Kamera ilikuwa mezani, imefunguliwa, na Fundi Saa alikuwa amebaki nayo wawili tu.

Aliketi kwanza akiitazama, yaani kutazama kwake siku hizi, ambako katikati ya kila kitu kuna doa la ukungu, ikambidi achungulie pembeni ya doa. Akapitisha kidole. Akagusa utepe mwembamba wa nyaya, upana wa kidole, uliotoka kwenye bodi ya umeme ukaingia chini ya lenzi. Kidole kikamwambia kona moja imenyanyuka. Ilikuwa imenyanyuka kama uzi, si zaidi, lakini kwa mtu aliyelala na kuamka na saa, uzi ni mlima. Akafungua kwa ukucha komeo dogo jeusi lililoubana utepe, akauchomoa utepe, akaufuta, akaurudisha, akalifunga komeo. Alifanya kwa nusu dakika. Akajisikia fundi, jambo ambalo hakulisikia tangu juma lililopita, pale mwenye duka la vitambaa alipomrudishia saa yake mbele ya wateja wawili na kusema, "Mzee, siku hizi unatengeneza kwa kubahatisha?" Mishale ilikuwa inagusana. Yeye alijibu kwamba saa za siku hizi ni za bandia.

Sasa aliinuka akaenda jikoni, alikokuwa mkewe akichambua mchele kwenye ungo.

"Anaendeleaje?" aliuliza mkewe.

"Anahangaika."

"Na wewe?"

"Mimi nina nini?"

Mama alimimina chai, akamsukumia kikombe, kisha akamtazama anavyotia kidole ukingoni kabla ya kukishika. "Watu arobaini wanakwenda pale leo," alisema. "Jina lako sikuliandikisha. Nilisema mwenyewe ataamua. Ila mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo kimeingiaje hapa, mama Nukta? Nilisoma mstari wa saba."

"Ulisoma," alisema mkewe, na akaendelea kutupa vijiwe vya mchele. "Na jana ulivaa soksi moja nyeusi na moja ya kijani, msomi wangu."

Fundi Saa alikunywa chai akaisikia haina ladha. Akajipa moyo. Utepe aliurudisha sawasawa, umenyooka, kidole hakidanganyi. Mtoto mwenyewe amesema kosa ni la kiendeshi. Sasa yeye ajitose na kusema niligusa, kwa faida gani? Wataanza kumuuliza: uliuona vizuri? Na swali hilo lina watoto wengi. Mwisho wataifunga meza yake ya kazi. Mzee asiyeona ni mzee wa kushikwa mkono kupelekwa msalani.

*

Saa saba na nusu bosi wa karakana alipiga simu. Nukta aliiweka sauti wazi ili mikono yake iendelee na kazi, na nyumba nzima ikasikia.

"Kliniki wananipigia kila baada ya dakika kumi. Nawaambia nini?"

"Waambie nusu saa, bosi."

"Nusu saa uliniambia saa tano. Nukta, niliwaambia wenzangu kazi hii anaiweza binti huyu. Walinicheka. Unataka waendelee kucheka?"

"Hapana, bosi."

"Kosa ni nini?"

Fundi Saa, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe kitupu, aliona umbo la binti yake likinyooka kwenye kiti.

"Kosa ni langu," alisema Nukta. "Nilibadilisha kiendeshi bila kukijaribu. Kama kihisi kimeungua, kimeungua kwa sababu yangu. Hakuna kingine. Nikatwe mshahara mimi, fundi aliyetengeneza bodi asiulizwe, yeye kazi yake ni safi."

"Sawa," alisema bosi, kwa sauti ya mtu aliyeshafanya uamuzi. "Ikifika saa tisa haijawaka, ilete karakana. Jumatatu tutaongea."

Simu ikakatika. Nukta hakulia. Alisema tu, polepole, kama anayezungumza na bodi, "Nimerudisha hata kiendeshi cha zamani. Cha zamani kabisa, kilichokuwa kinafanya kazi. Nacho kimya. Basi kimeungua."

Hapo ndipo Fundi Saa alipofahamu. Hakujua kompyuta, lakini akili ya kutafuta kosa ni moja kwenye saa na kwenye kamera: ukirudisha kila kitu ulichokibadilisha wewe na ugonjwa ukabaki, basi kuna mkono mwingine uliopita. Na mkono huo alikuwa nao, umeshika kikombe. Mtoto wake alikuwa amebeba mzigo usio wake mbele ya watu, bila kujitetea, huku baba mzima amejificha nyuma ya pazia la mlango. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Akapiga moyo konde. "Nukta."

"Baba, naomba kidogo tu."

"Niliigusa."

Vidole viliacha vitufe.

"Jana, ulipofuata betri. Ule utepe. Niliona, nilihisi, umenyanyuka kona. Nikauchomoa nikaurudisha. Niliurudisha vizuri, lakini niliugusa."

Binti alimgeukia, na Fundi Saa alimshukuru Mungu kwamba uso ule hakuuona sawasawa. Mama alikuwa ametoka jikoni na ungo mkononi.

"Tangu saa moja asubuhi," alisema Nukta. Sauti ilikuwa ndogo. "Baba. Tangu saa moja, umekaa hapo unaniuliza nani hasikii nani."

"Ndiyo."

"Ungesema tu! Mimi nimemwambia bosi..." Akanyamaza. Akachukua kioo cha kukuzia cha baba yake mezani, akainama hadi pua ikagusa kamera, akachungulia chini ya lenzi. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka, hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepigwa na butwaa.

"Asubuhi niliutazama huu utepe," alisema. "Kitu cha kwanza. Nikauona umenyooka, komeo limefungwa, nikasema hakuna mkono wa mtu hapa. Nikaupita bila kutazama rangi. Kazi mbovu ningeigundua palepale." Akafungua komeo. "Umeuweka vizuri kuliko kiwandani, baba. Ila umeugeuza. Upande wa buluu umeangalia chini. Nyaya ziko juu, hazigusani na chochote."

"Buluu?" alisema Fundi Saa.

"Upande mmoja ni buluu, mwingine una nyaya za fedha. Hata mtoto mdogo anau..." Hakumalizia.

Chembe moja ya mchele iliangukia sakafuni na wote watatu wakaisikia. Mama akaangalia pembeni, na Nukta akamwangalia mama, na pale wakaelewana jambo ambalo Fundi Saa alilifanyia kazi mwaka mzima wasielewane.

"Kama hazikugusana," alisema mzee haraka, "basi hakijaungua."

"Labda." Nukta aliushika utepe, akajaribu kuurudisha. Hakuwa amekula tangu jana usiku. Mara ya kwanza ukapinda. Mara ya pili ukateleza. Akavuta pumzi, akaushusha. Kisha akafanya jambo ambalo mama alikuja kulisimulia kwa majirani hadi wakalichoka: akamkalisha baba yake kwenye kiti chake, akamwekea utepe kwenye vidole.

"Upande wa buluu ni mlaini kama ukucha. Ule mwingine una mikwaruzo, papasa. Umesikia?"

Fundi Saa alipapasa. Ilikuwepo kweli, mistari, myembamba kuliko meno ya gurudumu lolote alilowahi kulishika. "Nimesikia."

"Laini juu."

"Laini juu," alisema, na mikono yake ikaingia chini ya lenzi peke yake, kama kawaida yake. Komeo likalia tiki. Nukta akachungulia kwa kioo cha kukuzia, akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka, akasema kwa mdomo, "Iko sawa."

Akawasha. Wote watatu walikaa roho juu. Kwenye kioo cha kompyuta maandishi yakashuka, yakashuka, yakasimama.

"Kimeitikia," alisema Nukta. Akapiga meza kwa kiganja. "Kimetaja namba yake! Baba, kimeitikia!"

*

"Nahitaji jicho la kujaribia," alisema Nukta, na hakuuliza la nani.

Walikwenda chumba cha ndani, wakafunga mapazia mboni zipate kutanuka. Fundi Saa akaweka kidevu kwenye kiegemeo cha plastiki. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kuliko siku ya harusi yake. Mwanga mweupe ukalipuka kwenye jicho la kulia, kisha la kushoto, na baadaye kidogo akasikia mkewe akisema, "Loo!"

"Nini? Nini?"

Nukta aliikuza picha hadi ikajaa kioo chote, akakivuta kioo hadi shavuni kwa baba yake. Naye, kwa kuchungulia pembeni ya ukungu wake, akaona. Aliona duara la rangi ya chungwa linalowaka kutoka ndani, na mahali pamoja peupe kama mwezi, na kutoka pale mito myekundu ikitawanyika, mikubwa ikizaa midogo, na midogo ikizaa mingine hadi ikapotea.

"Hilo ni jicho langu?"

"Ndilo."

"Hayo yote yamo humu?" Akagusa kope. Miaka arobaini alifungua vifuniko vya saa za watu na kujiona mjuzi wa vitu vya ndani, na kumbe alikuwa amebeba kichwani kazi ambayo hakuna fundi angeweza hata kuikisia. Machozi yalimtoka, na hakuyaonea aibu. "Nani aliyefunga nyaya hizi, Nukta?"

Nukta alikuwa anatazama katikati ya picha, mahali pasipo na mito. Palikuwa na madoa mekundu mengi, kama mtu aliyekung'uta kalamu, na makombo ya manjano yamejikusanya. Yeye si daktari. Lakini alikuwa ameshaona picha za macho mazima, mamia, wakati wa kujaribu kamera.

"Hayo madoa ni uchafu wa lenzi?" aliuliza baba.

"Sijui, baba," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo binti kumdanganya. "Twende. Saa nane na robo."

*

Huko kliniki benchi zilikuwa zimejaa hadi nje. Nukta alifunga kamera kwenye chumba cha giza, na watu wakaanza kuingia na kutoka, wanapepesa macho na kucheka wenyewe. Fundi Saa alikaa mwisho wa benchi, akiwa amekuja, kwa maneno yake, kumbebea binti begi. Pembeni yake alikuwa amekaa mwenye duka la vitambaa. Walisalimiana kwa shida.

Saa tisa na nusu mlango wa daktari ulifunguka. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, sauti imekauka kwa kazi. "Hii picha ya kwanza kabisa haina jina. Imepigwa saa nane na dakika kumi. Ni ya nani?"

Nukta alitoka chumba cha giza. "Ya majaribio, daktari. Tuliipiga nyumbani."

"Jaribio lina mwenyewe. Namtaka kabla sijaondoka. Damu imevuja kwenye macho yote mawili, na hii ni sukari, kama hajui basi ajue leo. Akianza matibabu sasa, kilichobaki tunaweza kukishika, na huenda kingine kikarudi. Angengoja nije tena, nisingesema hivi."

Nukta alimtazama baba yake. Hakumwonyesha kwa kidole. Mama naye, aliyefuatana nao na kusimama ukutani, alitazama sakafu. Fundi Saa alisikia jinsi walivyonyamaza, akajua kwamba wamemwachia yeye.

Akasimama. "Ni jicho langu."

Muuguzi, yuleyule wa miezi mitatu iliyopita, alitafuta kadi. "Huyu, daktari? Hapana. Huyu alisoma mstari wa saba. Nimeandika mwenyewe."

"Kwa macho haya? Msomeshe tena, nione."

Akasimamishwa kwenye alama ya sakafuni. Mlango ulikuwa wazi, benchi zima limenyoosha shingo, mwenye duka la vitambaa akiwa wa mbele. Muuguzi akagonga ubao kwa fimbo yake. Na herufi zikaja, zote, zimejipanga kwenye ulimi wa Fundi Saa kuanzia ya juu, tayari kutiririka. Zingemtoa pale akiwa na heshima yake yote. Aliyasikia meno yake yakizizuia.

"Mzee? Anzia juu."

"Sioni," alisema Fundi Saa.

"Mstari wa chini uache. Ile kubwa ya juu."

"Sioni, mwanangu. Naijua, lakini siioni. Naona kuna kitu cheusi. Zote nilizisikia kwa watu."

Hakuna aliyecheka. Mwenye duka la vitambaa alijisogeza kwenye benchi, akapangusa mahali palipobaki wazi kwa kiganja, tayari kwa mzee atakaporudi.

Daktari alichukua kadi, akakata maandishi ya zamani kwa mstari mmoja.

"Haya," alisema. "Sasa tunaweza kuanza. Ingia, mzee. Kuna ngazi moja mbele ya mguu wako wa kulia."